Siku Dada Chaki Alipoacha Kunusa

Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga goti sakafuni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akimpima suruali bwana mmoja mnene ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa kulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa muda mrefu, barua yangu ya kuomba kazi imeloa jasho mkononi, kwa sababu sikujua niingie vipi kwenye chumba chenye watu. Nilimwona akipima mguu wa kwanza, akapima wa pili, akarudia wa kwanza. Alichukua kipande cha chaki akachora alama ndogo kwenye pindo la kitambaa, ndogo kama ukucha wa mtoto, kisha akamuuliza yule bwana habari za safari yake. Bwana aliondoka akicheka, na nina hakika hakujua kwamba kuna mtu aliyeuona mguu wake.

Halafu akanigeukia mimi. Hakuniuliza kwa nini nimeganda mlangoni.

"Umekuja kwa ajili ya pasi," alisema. "Ingia, ndugu yangu. Hapa hatung'ati kabla ya chai."

Nafasi ya mpiga pasi ilikuwa wazi kwa sababu aliyenitangulia alikuwa amefukuzwa wiki ileile. Aliunguza koti la bwana harusi. Sheria ya tajiri wetu ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyepesi kukumbuka: ukiunguza nguo ya mteja, unavua aproni unakwenda zako. Aliirithi karakana ile kutoka kwa baba yake, na sheria aliirithi pamoja nayo.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi. Chumba kimoja kirefu. Vyerehani sita vilipangwa kando ya madirisha. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, pana kama kitanda cha watu watatu, na hatua mbili kutoka hapo, karibu na jiko la kuchemshia chai, meza yangu ya pasi. Kwa miaka kumi na minane nilifanya kazi nikiutazama ubavu wa uso wa yule mama. Wote tulimwita Dada Chaki, hata tajiri, maana vidole vyake vilikuwa vyeupe wakati wote, na mtu aliyesalimiana naye alirudi nyumbani na alama.

Alinifundisha maandishi yake ya siri. Bega lililoshuka lilikuwa mstari wa mshazari. Mgongo uliopinda ulikuwa nusu mwezi. Tumbo la mwanamke ambaye bado hajamwambia mtu lilikuwa nukta moja. Alisema mpiga pasi lazima ajue nguo inaficha nini, asije akainyoosha pale isipotakiwa kunyooka. Na alisema kasoro ya mteja inaingia kwa macho, inatokea kwa mkasi, haipiti mdomoni. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza na kubwa kuliko yote niliyosoma, na mimi shule niliishia la saba.

Mambo aliyoyapenda tuliyajua kama tunavyojua kalenda. Nguo za kijivu, au buluu iliyoiva. Chai kavu bila sukari. Redio ifunguliwe taratibu. Na alikuwa na pua ambayo sijaona nyingine. Pasi yangu ikizidi moto kidogo tu, kabla hata mvuke haujabadilika, alisema "punguza" bila kuinua kichwa kwenye kitambaa chake. Pua ile iliniokoa mara ngapi sijui. Nikazoea kuitegemea, nikawa nafanya kazi nusu kwa macho yangu, nusu kwa pua yake.

Fundi wa makoti, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hazimiki, yeye aliniita Bubu. Kila asubuhi aliuliza karakana nzima kama Bubu ameamka na maneno mangapi leo. Dada Chaki alimjibu kwamba Bubu anaweka akiba, na wewe Redio betri zako zitaisha kabla ya mwezi. Watu walicheka, na mimi nikapumua. Ndivyo alivyokuwa akinikinga. Alirusha maneno kidogo upande wa pili, macho yote yakahamia huko.

Siku moja mvua kubwa ilitufungia ndani sisi wawili, wengine walikuwa wameshuka kula. Sijui ilikuwaje nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimwambia kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na nne nilikwenda nyumbani kwa binti niliyempenda kuzungumza na baba yake. Nilivaa vizuri. Nilibeba zawadi. Mzee akanikaribisha, akaniuliza nimekuja kwa shauri gani, nami nikasema nilikuwa napita tu. Nikarudi na zawadi yangu. Binti aliolewa mwaka uliofuata, na mimi sikuoa kamwe. Dada Chaki alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema tu kwamba mzee yule naye angeweza kusaidia kidogo. Hakulitaja tena.

Nimeeleza yote haya ili ijulikane nilikuwa na deni gani kwa mtu huyu.

Mwaka wa kumi na saba, mchana wa saa saba, niliunguza nguo. Lilikuwa koti la sufu la hakimu mmoja, na nilikuwa napiga pasi bitana, kile kitambaa chepesi cha ndani. Mawazo yalikuwa kwingine. Nilishtuka moshi uko puani. Bitana ilikuwa na umbo la pasi, kahawia kabisa, na harufu yake ni ile ya nywele zinazoungua. Chumbani tulikuwa wawili. Dada Chaki alikuwa pale pale, hatua mbili, anakunywa chai na kupekua kitabu cha mishono. Nilimtazama nikisubiri. Hakuinua kichwa.

Nilifungua dirisha. Niliifumua bitana ile, nikaitumia kama kipimo, nikakata nyingine kwenye mabaki na kuishona kwa mkono kabla wenzetu hawajarudi. Ile iliyoungua niliifunga ndani ya gazeti nikaitupa mbali. Hakuna aliyejua.

Moyoni nilisema: amenusa, ila amenifichia. Ndivyo alivyo. Kasoro ya mtu haipiti mdomoni mwake. Nikampenda zaidi siku ile, kama ndugu. Jioni wakati wa kufunga nilimshukuru kwa sauti ndogo. Aliniuliza ninashukuru nini. Nikadhani huo nao ni ustaarabu.

Kuanzia hapo mambo yalianza kuja moja moja, kwa mwendo wa pole sana hata hukuweza kusema leo ndipo yalipoanza. Alianza kutia sukari kwenye chai. Kijiko kimoja, kisha vitatu, kisha sita, na baadaye akawa anailamba kavu kutoka kiganjani. Redio akasema Dada Chaki anarudi utotoni kwa miguu. Siku nyingine alikuja na gauni la njano lenye maua mekundu, sote tukalisifu, maana lilimpendeza. Akawa anaongeza sauti ya muziki mwenyewe. Akawa anacheka. Nasema kweli, mwanzoni tulifurahi. Tulisema mjane huyu amehangaika na mwanawe peke yake miaka yote, sasa binti ameolewa, mama naye anapumua.

Kisha mdomo wake ukafunguka.

Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa bima mwenye bega lililoshuka. Dada Chaki alimpima, akasimama mbele yake, akasema bega lako hili limelegea kama mlango uliokatika bawaba, unalala upande mmoja au ulipigwa? Alisema bila hasira, kama anayeuliza saa. Yule bwana alicheka kwa kulazimisha, akaondoka, hakurudi. Kilichotushangaza zaidi ni kwamba alipomaliza kusema hayo alirudi mezani akakata koti lenyewe, na lilitoka limenyooka, bega limefichwa, hakuna mkataji mwingine mjini ambaye angelifanya hivyo.

Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la mafundi. Sisi ugonjwa tunautafuta mkononi. Fundi akiumwa, mkono unatetemeka, mstari unapinda, mkasi unakula kitambaa. Tumeona fundi mwenye malaria, tumeona fundi mlevi, wote mkono uliwasaliti. Mkono wa Dada Chaki ulikuwa sawasawa na jana na juzi. Kwa hiyo tukasema huyu ni mzima. Na mzima anayesema maneno kama yale anayasema kwa kusudi. Amepata kiburi. Amechoka nasi.

Zamu yangu ilifika siku ya Jumatano. Redio alikuwa ananitania kama kawaida, kwamba Bubu ataoa lini. Nilimtazama Dada Chaki nikisubiri arushe neno lake upande wa pili.

"Huyu?" alisema. "Huyu alikwenda kuposa akamwambia baba mkwe alikuwa anapita tu. Akarudi na kapu lake mkononi."

Akacheka mpaka machozi. Karakana nzima ikacheka, hata tajiri aliyekuwa mlangoni. Redio alicheka kidogo, kisha akaacha, maana aliniona uso. Mimi nilishika pasi. Sikumbuki nilipiga pasi nini siku ile.

Tulikuwa na desturi yetu pale kazini. Mtu akimkosea mwenzake vibaya, hatukugombana naye. Chai yake ilimiminwa kama kawaida na kuwekwa mezani kwake, lakini hakuna aliyemsemesha mpaka aombe radhi. Wengi hawakumaliza siku mbili. Tulimnunia Dada Chaki kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa wa kwanza kumgeuzia mgongo. Zilipita siku tatu, zikapita tisa. Yeye hakuona. Alikunywa chai yake, akaimba na redio, akatusemesha na kujijibu mwenyewe. Mtu aliyekuwa anajua uchungu wa mtu kabla hajafungua mdomo, sasa watu saba wamemnunia na yeye hana habari. Niliona jambo hilo si la kawaida. Lakini nilikuwa na kidonda, na mtu mwenye kidonda hatazami vizuri.

Wiki hiyohiyo maziwa yaliungua jikoni. Sufuria iliwaka chini mpaka ikawa nyeusi, harufu ikafika kwenye duka la misumari, watu wakapiga kelele kutoka chini. Nilikimbia nikitoka uani. Dada Chaki alikuwa amesimama juu ya sufuria yenyewe, kijiko mkononi, anatafuta sukari kwenye rafu. Moshi ulikuwa unampita usoni.

"Dada, huoni yanaungua?" nilimuuliza, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa siku tisa.

"Yanaungua?" alisema. Akatazama chini. "Ehe, kweli."

Nilisimama pale na sufuria mkononi, na nikajua. Hakunifichia siku ile ya koti la hakimu. Hakunusa. Pua ile ilikuwa imekufa zaidi ya mwaka mzima, na chochote kilichoiua ndicho kilichokuwa kinaongea kwa mdomo wake. Sikuwa na elimu ya kulieleza, lakini nililijua kama ninavyojua pasi ya moto bila kuigusa. Nilipaswa kumwambia mtu. Lakini ningeanzaje? Wangeniuliza nimejuaje, tangu lini. Na jibu lilikuwa ndani ya gazeti lile nililolitupa. Nikaosha sufuria.

Haikupita mwezi, akaja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Ndiye mteja aliyetubeba, sare za shule nzima zilikuwa zake. Alitaka na suti yake mwenyewe. Dada Chaki alimzungushia futi nyongani, akamtajia namba kwa sauti ya mnadani, akamwambia kwa kitambaa hicho tungeshonea darasa zima na likabaki la mlinzi. Mwalimu mkuu alivua futi mwenyewe, akaikunja, akaiweka mezani, akashuka ngazi. Sare zake zikahamia kwingine.

Tajiri alituita wote kwenye meza ya kukatia, isipokuwa Dada Chaki, aliyekuwa amekwenda dukani kununua peremende. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta sababu ya kutofanya jambo. Alisema Dada Chaki alimkuta yeye mwenyewe ni kijana hapa, na alikuwa mkono wa kulia wa baba yake. Kama ni mgonjwa, alisema, tutampeleka hospitali kwa gharama ya karakana na meza yake itamsubiri. Lakini kama ni jeuri, hapana. Akauliza kila mmoja ameona nini.

Redio alisema mgonjwa gani anayekata sketi arobaini kwa siku bila kukosea hata moja. Wengine waliitikia. Tajiri akanigeukia mimi mwisho.

"Wewe umekaa naye meza kwa meza miaka kumi na minane. Ukisema ni mgonjwa, nitakuamini wewe peke yako. Umeona nini?"

Nilikuwa na jibu. Niliifikiria aproni yangu. Nilifikiria pia kicheko kile cha Jumatano, na sitaki kuficha kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na uzito sawa.

"Sijaona kitu," nilisema.

Alipopanda ngazi na peremende zake tajiri alimwambia palepale. Hakulia wala hakujitetea. Alimpa tajiri peremende moja, akachukua mkasi wake mkubwa, akauviringisha kwenye kipande cha flaneli, akashuka akiimba. Redio ndiye aliyekaa chini na kushika kichwa.

Miezi saba baadaye binti yake alinifuata karakanani, tukazungumza ngazini. Alikuwa mwalimu wa chekechea, aliishi na mumewe upande wa pili wa mji. Alisema mama anajigonga kwenye milango na kumwaga maji nje ya kikombe, kwamba anaona kama mtu anayetazama kupitia bomba. Alisema aliyaona mabadiliko mengine mapema ila alifurahi. "Nilidhani mama ameamua kuishi," aliniambia. Aliniomba niende nao hospitali kuu, kwa sababu daktari alitaka mtu aliyekuwa naye kila siku.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye subira. Alitundika picha ya kichwa ukutani, na nyuma ya paji la uso, katikati, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, ukubwa wa chungwa. Alisema si saratani. Ni uvimbe unaokua polepole, miaka na miaka, ukisukuma ubongo nyuma. Akatueleza kwa maneno ya kawaida. Sehemu hii ya mbele, alisema, ndiyo inayokaa kati ya wazo na mdomo. Kila mmoja wetu hujiwa na maneno mabaya kichwani mchana kutwa, na hapa ndipo yanaposimamishwa. Hapa ndipo tunaposoma uso wa mwenzetu na kujua tumemuumiza. Na hapa ndipo tunapopima kipi tunakipenda na kwa kiasi gani, hata utamu, hata rangi, hata kelele. Ikibanwa, mtu hubaki na kumbukumbu zake na kazi ya mikono yake, ila yeye mwenyewe anakuwa kama amehama.

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba adabu inakaa moyoni, na kwamba mtu akiipoteza ameitupa mwenyewe. Nilitazama picha ile nikawaza kwamba ukarimu wote alionifanyia, ule wa mlangoni siku ya kwanza na ule wa kila asubuhi mbele ya Redio, ulikuwa umelala kwenye sehemu ndogo ya nyama inayoweza kubanwa na uvimbe. Haukupungua thamani kwangu ukarimu huo. Uliongezeka. Lakini niliona jinsi tulivyomnunia mtu kwa sababu ya uvimbe.

Daktari akaonyesha kwa kalamu chini ya kile cheupe. Mishipa ya harufu inapita hapa, alisema, kwa hiyo mara nyingi harufu huondoka kwanza, kabla ya tabia, na macho ni ya mwisho. Akauliza kama kuna aliyeona kwamba hanusi. Angefika wakati ule, alisema, au hata miezi sita nyuma, macho yangepona bila shaka. Binti alisema hapana. Wakanitazama. Nikatikisa kichwa. Hii ilikuwa mara ya pili.

Walimpasua wiki ile. Uvimbe ulitoka wote. Macho hayakurudi.

Yeye ndiye aliyerudi. Binti alinisimulia kwamba siku ya kumi na mbili walimpa chai, akanywa funda moja, akauliza nani ameweka sukari humu, na binti akatoka nje kulia. Akauliza amevaa nini, akaomba avuliwe lile gauni la maua. Akaomba redio ipunguzwe. Na siku chache baadaye alianza kukumbuka. Nilidhani mtu wa namna ile husahau, lakini hakusahau kitu. Nilipokwenda kumwona kwa binti yake, ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, vidole vyake safi kabisa, aliniambia kwamba ilikuwa kama amekaa nyuma ya dereva mwingine, anaona njia yote anayopita, na yeye anacheka tu. Akanitajia kila mteja, na kila neno. Alinituma kwa mwalimu mkuu nikamwombee radhi. Nilikwenda. Nilisimama ofisini kwake nikasema niliyotumwa, sentensi sita, nilizikariri njiani. Yule mama akauliza Dada Chaki anakaa wapi sasa, na kesho yake alikwenda mwenyewe na maua.

Siku ileile ya kwanza Dada Chaki aliniomba radhi na mimi, kwa habari ya posa. Alishika mkono wangu akatafuta maneno. Nikamwambia yamepita. Nilipokea radhi yake huku yangu iko mfukoni, nikarudi nyumbani. Nilikwenda mara tatu zaidi, na kila mara tulizungumza habari za vitambaa na za Redio, ambaye kila Jumamosi alimletea habari za mji mzima na kumfanya acheke kile kicheko chake cha zamani, cha kufunika mdomo. Tajiri alikuwa amesema meza yake ipo. Wote tulijua kwamba ni maneno tu.

Mara ya tano ndiyo ya mwisho. Siku kumi na moja baadaye kifafa, ambacho daktari alituonya juu yake, kilimshika asubuhi akiwa anaoga, na hakuamka. Kwa hiyo sina siku nyingine ya kuandika zaidi ya hiyo.

Ilikuwa alasiri. Binti alikuwa darasani. Nilimwambia nina neno. Aliona, kwa namna yake ya kuona, kwamba si neno la kawaida, akaweka kikombe chini. Nikamwambia yote. Bitana, gazeti, maziwa, meza ya kukatia na swali la tajiri, chumba cha daktari. Nilimwambia kwamba nilijua tangu siku ya maziwa, na kwamba niliogopa kazi yangu, na kwamba nilikuwa na hasira naye. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa kiti, akawa anaupapasa ubao kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Nilisubiri aseme neno litakaloyahamisha macho upande wa pili, kama zamani. Hakulisema. Kisha aliniuliza ilikuwa mwezi gani, ile siku ya maziwa. Nikamtajia. Nikaona midomo yake ikihesabu kutoka mwezi ule mpaka siku ya kupasuliwa.

Niliinuka. Nilisema nitakuja kesho nimletee mkate.

Aligeuza uso wake upande wa sauti yangu. Ulikuwa uso wake kabisa, ule wa miaka kumi na saba ya kwanza, mpole, na ulikuwa umekasirika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Kesho usije, ndugu yangu," alisema. "Nimekasirika sana, na sitaki kukuambia neno baya nikiwa na akili zangu. Njoo wiki ijayo, au ile nyingine. Nitamtuma binti akuite."